Msuluhishi hana jeshi, ana nini basi?
Kaka, umeuliza msuluhishi asiye na jeshi anawabanaje wakubwa. Chukua Kenya 2008, baada ya vurugu za uchaguzi. Timu ya Kofi Annan, Mzee Mkapa wetu akiwemo, ilikaa na wajumbe wa pande mbili hadi mambo yakakwama. Annan akasimamisha kikao, akawafuata Kibaki na Raila wenyewe. Kikwete, wakati huo mwenyekiti wa Umoja wa Afrika, akaingia naye. Tarehe 28 Februari Kibaki na Raila wakasaini mkataba wa kugawana madaraka. Mjumbe atagawaje madaraka yasiyo yake? Huku Chamwino ng'ombe wakila uwele wa mtu, wazee hawahangaiki na mtoto anayechunga, wanamwita mwenye mifugo. Burundi ndiyo ilisumbua: Nyerere alifariki 1999 mazungumzo yakiendelea, Mandela akapokea, na mkataba wa amani ulipotiwa saini Arusha Agosti 2000, bado vikundi vikuu vya waasi havikusaini.