Usianze na funzo: nilivyosoma riwaya za distopia na vijana

Riwaya ya kwanza ya distopia niliyosoma na mpwa wangu niliiharibu kabla hatujafika sura ya tatu. Alikuwa na miaka 13. Nilimkalisha nikamweleza kwamba kitabu hiki ni onyo juu ya utawala dhalimu, kwamba uhuru ni kitu cha thamani, na mengine ya namna hiyo. Akanisikiliza kwa adabu, kisha akauliza, "Sasa Mjomba, kama umeshaniambia yote, nisome ya nini?"

Tukakiacha kitabu. Baada ya miezi kadhaa tulianza upya, safari hii na rafiki zake wawili, na mimi nikajipa sharti moja: kufunga mdomo. Ninayoyaandika hapa nimeyapata kwa kulivunja na kulitimiza sharti hilo.

Kwa asiyelizoea neno, distopia ni hadithi ya jamii ya kubuni iliyoharibika kwa mpangilio. Dhuluma ina kanuni zake, ratiba yake na msimamizi wake, na wengi wanaoishi humo wanaona mambo ni sawa. Hapo kwenye "wanaona ni sawa" ndipo penye nyama. Zimwi kijana ameshalikuta katika hadithi tangu utotoni. Watu wema wanaotenda ubaya na usiku wakalala usingizi mzuri, hao hajakutana nao sana. Ndiyo maana siku hizi siulizi "mbaya ni nani?" Nauliza: watu hawa walipewa nini hata wakakubali?

Chukua The Giver ya Lois Lowry, iliyotoka mwaka 1993. Jonas anatimiza miaka 12 katika jamii isiyo na njaa, vita wala matusi. Ukikosea unaomba radhi, na unasamehewa papo hapo. Kazi unapangiwa, mwenzi unapangiwa, hata watoto unapangiwa. Rangi hazionekani tena na hakuna anayezikumbuka. Tulipomaliza sura chache, mmoja wa vijana alisema, "Mimi ningehamia huko kesho." Ulimi uliniwasha! Nikanyamaza.

Kulikuwa na neno moja ambalo watu wa kitabu hicho hulitaja kwa upole kila mara, kwa Kiswahili tungesema "kuachiliwa". Wazee huachiliwa, tena kwa sherehe. Mtoto mchanga asiyekua vizuri huachiliwa. (Kama hujasoma na hutaki kuharibiwa utamu, ruka aya hii.) Kisha Jonas anamwona baba yake, mtu mpole kabisa, akimdunga sindano mmoja wa watoto pacha, yule mwenye uzito mdogo, huku akiongea naye kwa sauti ileile ya kubembeleza watoto. Ndiko kuachiliwa kwenyewe. Mpwa wangu alifunga kitabu. Baada ya kitambo akakifungua, akaanza kurudi nyuma kulisaka lile neno ukurasa kwa ukurasa, akalikuta tangu sura ya kwanza, pale rubani mwanafunzi anapopotea njia na kipaza sauti kikatangaza kwamba ataachiliwa. "Tulilisoma," alisema, "na hatukushtuka." Hotuba yangu yote ya mwanzo haikufikia hata robo ya sentensi hiyo.

Kwa The Hunger Games ya Suzanne Collins, ya mwaka 2008, ushauri wangu ni mwingine: chukua kalamu na karatasi. Watu wengi hukumbuka mapigano, na vijana ndiyo kabisa, lakini ukatili wa kitabu hicho umejificha kwenye hesabu. Kila mwaka, kwa amri ya watawala, kila wilaya kati ya 12 hutoa mvulana na msichana kwa kura, jumla vijana 24, nao huuana katika mchezo hadi abaki mmoja. Jina lako huingia mara moja ukiwa na miaka 12, mara mbili ukiwa na 13, na kuendelea hivyo hadi 18. Mpaka hapo ni kama haki sawa kwa wote. Ila mwenye njaa anaruhusiwa kuongeza jina lake ili apate nafaka na mafuta kidogo ya mtu mmoja kwa mwaka, na nyongeza hizo hazifutiki. Nikawaambia wapige hesabu ya Katniss, msichana mhusika mkuu, anayechukua posho ya watu watatu kila mwaka tangu akiwa na miaka 12. Akifika 16, jina lake liko humo mara 20. Mtoto wa tajiri wa rika lake ana mara tano.

Kijana mmoja aliitazama karatasi yake akasema, "Lakini hakuna aliyemlazimisha." Tulibishana juu ya neno hilo "kumlazimisha" jioni nzima, na sikulipatia jibu la kuwaridhisha wote.

Kitabu cha tatu cha mfululizo huo kina jambo ambalo ningependa kila mlezi alitumie. Waasi wameshinda, na kiongozi wao anapendekeza mchezo wa mwisho, safari hii wakiuawa watoto wa wale waliokuwa wakitawala. Washindi wa michezo iliyopita waliobaki hai wanaombwa kupiga kura. Tusimame hapo, niliwaambia, nanyi pigeni yenu kwa siri. Karatasi mbili kati ya tatu ziliandikwa "ndiyo". Hatukuzungumza sana baada ya hapo, na sikumtafuta aliyeandika nini. Usimtafute nawe.

Sharti langu nililivunja siku moja nilipomlinganisha mtawala wa kitabuni na mwanasiasa aliyekuwa kwenye habari wiki hiyo. Wote watatu waliitikia kwa kichwa, na mazungumzo yakafa. Ulinganifu watauona wenyewe, na mara nyingi wataanza na walio karibu zaidi: shule, kundi la marafiki, na wewe mlezi mwenyewe na kanuni zako za simu. Jiandae.

Si kila kitabu cha aina hii kinafaa muda wako. Baada ya mwaka 2008 ziliandikwa nyingi kwa mkupuo, na baadhi zina kijana mmoja wa pekee, mapenzi ya pembetatu, na utawala wa miaka mingi unaoanguka kwa sababu shujaa amekasirika. Divergent, yenye jamii iliyogawanywa makundi matano kwa tabia, vijana waliipenda kuliko mimi, niliwaachia. Kwa upande mwingine, Kusadikika ya Shaaban Robert, ya mwaka 1951, niliidharau nikidhani lugha itawashinda. Tuliposoma kwa sauti, kesi ya Karama, mshtakiwa wa kitabu hicho, iliwakaa vizuri, hasa wale wajumbe anaowasimulia katika utetezi wake, wanaotumwa mbali, wanarudi na mambo ya manufaa kwa nchi, halafu wanatiwa gerezani.

Umri uutazame, ila mtazame zaidi mtoto mwenyewe. Mmoja wa hawa watatu alianza kukosa usingizi, tukahamishia usomaji mchana na kuruka sura moja. Hakuna kilichopotea.

Jambo la mwisho ni la hila kidogo. The Giver inaisha bila kusema wazi kama Jonas anapona. Walibishana wiki tatu, mmoja akishikilia kwamba amekufa kwa baridi, mwingine akisoma tena mistari ya mwisho kwa sauti kama wakili. Nilijua kwamba Lowry aliandika vitabu vingine vitatu baadaye na kwamba jibu liko humo. Sikusema. Mpwa wangu alipogundua alininunia siku mbili, kisha akaja kuniazima kitabu cha pili.