Jibu: Geronimo alikuwa chifu au la?

Habari mkuu. Nimeona umekwama: andiko moja linamwita Geronimo chifu wa Waapache (wenyeji wa asili wa Marekani), lingine linakana, na tarehe za vita zinagongana. Kwanza angalia ni kundi gani linalozungumziwa. Waapache hawakuwa na mtawala mmoja. Hata Wachiricahua, tawi moja la Waapache, peke yao walikuwa makundi kadhaa. Mimi andiko lisilotaja kundi naliweka kando.

Geronimo alikuwa mpiganaji na mganga wa Wabedonkohe, moja ya makundi hayo ya Wachiricahua. Chifu aliyekuwa naye hadi mwisho ni Naiche, mwana wa Cochise, chifu mwingine wa Wachiricahua.

Mwaka 1886 ni wa Geronimo kujisalimisha kwa jeshi la Marekani, si chanzo cha vita. Rudi Februari 1861, Apache Pass, katika Arizona ya leo. Luteni George Bascom wa jeshi la Marekani alimwita Cochise hemani, akamtuhumu kumteka mtoto wa mlowezi. Cochise akakana (na kweli hakuwa yeye), akachana turubai kwa kisu akatoroka. Ndugu zake wakabaki mikononi mwa askari. Naye akateka watu ili wabadilishane. Ikashindikana, akawaua, na jeshi likawanyonga watu wake, akiwemo ndugu yake Coyuntura. Hapo ndipo moto ulipowaka kati ya Cochise na Marekani, hadi mapatano na Jenerali Howard wa Marekani mwaka 1872.

Ugomvi wa Geronimo na Meksiko una chanzo chake: askari wa huko walimuulia mama, mke na watoto watatu. Watu wakiuchanganya na wa Cochise, ndiyo hizo tarehe zinakuchanganya.