Kwa nini waliuawa watatu tu Burford, 1649

Mkuu, umeuliza kama ilikuwa huruma: askari zaidi ya mia tatu wa jeshi la Bunge la Uingereza waasi, halafu wapigwe risasi watatu tu. Nilipokuwa naosha vyombo kwenye jiko la chuo kimoja Oxford, siku yangu ya mapumziko nilipanda basi hadi Burford, mji mdogo wa Uingereza, kulitazama lile kanisa walimofungiwa. Kwenye beseni la ubatizo mmoja wao alikwaruza jina lake, Anthony Sedley, mwaka 1649, na neno "mfungwa". Nilipitisha kidole juu ya zile herufi. Hazijanyooka hata kidogo.

Kwanza, ile haikuwa bado serikali ya Cromwell, jenerali aliyekuja kutawala baadaye. Mfalme alikatwa kichwa Januari, nchi ikashikwa na Bunge na Baraza la Dola, na mkuu wa majeshi alikuwa Fairfax. Askari walikuwa wanadai malimbikizo ya mishahara. Badala ya kulipwa, ikapigwa kura ya bahati nasibu kuamua vikosi gani viende vitani Ireland. Asiyetaka aachishwe, na deni lake lisubiri. Moto ukawaka hapo, ukichanganya na siasa za Levellers, kundi lililodai usawa mbele ya sheria na haki ya watu wengi zaidi kupiga kura.

Waasi walidhani mazungumzo bado yanaendelea. Fairfax na Cromwell wakatembeza jeshi zaidi ya kilomita 60 kwa siku moja, wakawavamia usiku wa manane wamelala. Tarehe 17 Mei, waasi watatu, Thompson, Perkins na Church, wakasimamishwa ukutani wakapigwa risasi. Wenzao walipandishwa juu ya paa la kanisa ili waone vizuri. Wa nne, Denne, alilia na kutubu, akasamehewa.

Mimi huruma siioni. Hao wa kwenye paa ndio walihitajika, kwa sababu vita vya Ireland vilitaka watu. Na Aprili wakuu wa jeshi walikuwa wamemuua Robert Lockyer, askari mwingine mwasi, katikati ya London, maelfu wakafuata jeneza lake na riboni za kijani, rangi ya Levellers. Nadhani mji mdogo kama Burford uliwafaa wakuu hao zaidi.

Siku mbili baada ya mauaji ya Burford, Chuo Kikuu cha Oxford kikawatunuku Fairfax na Cromwell shahada za heshima za sheria. Agosti Cromwell akavuka kwenda Ireland.

Na yale malimbikizo? Bunge liliuza ardhi za mfalme, askari wakapewa hati za deni. Njaa haisubiri hati. Wengi waliziuza kwa bei ya kutupa, na wanunuzi wakubwa walikuwa maofisa wao wenyewe, ambao walizibadilisha kwa mashamba ya mfalme.