Kabla ya kuhesabu tano, mtazame mkabaji

Mwaka wangu wa kwanza wa kuchezesha mpira wa kikapu nilipuliza kipenga cha sekunde tano huku mchezaji akidunda mpira. Benchi la wapinzani wake lilikuwa likihesabu kwa sauti, "Tatu! Nne! Tano!", na mkono wangu ukainuka wenyewe. Mwamuzi mwenzangu alinitazama tu. Kwa kanuni za FIBA, shirikisho la kimataifa la mpira wa kikapu, anayedunda hahesabiwi, hata akabwe vipi. Hesabu ni ya aliyeushika mpira huku amekabwa kwa karibu: sekunde tano zikiisha hajatoa pasi, hajarusha kikapuni wala kuanza kudunda, mpira unakuwa wa wapinzani. Nilikuwa nimempokonya mtu mpira wake bure.

Siku hizi naanza na mkabaji. Kanuni inataka awe ndani ya mita moja, mahali alipo pawe halali, na awe anakaba kweli. Hilo la mwisho ndilo linalotupa shida. Mtu anaweza kuwa hatua moja tu kutoka kwenye mpira, mikono kiunoni, anahema na kumsikiliza kocha wake. Huyo yuko karibu, lakini hakabi. Simhesabii. Akikunja magoti, akatanua mikono, akahama kila mwenzake anapogeuka, hapo mkono wangu unaanza kazi.

Mita yenyewe huwezi kuikadiria ukiwa umesimama nyuma ya mgongo wa mmoja wao. Sogea hatua mbili pembeni mpaka uone mwanga kati yao. Mimi hujiuliza: huyu akinyoosha mkono, ataufikia mpira? Hicho si kipimo cha kitabuni, ila mara nyingi kimenifaa.

Kisha hesabu kwa mkono unaoonekana, bila haraka: "elfu na moja, elfu na mbili". Kelele za mashabiki huusukuma mkono. Nimeona sekunde tano za refa zikiisha ndani ya tatu. Na usiutazame mkono wako. Ni katika sekunde hizohizo viwiko hurushwa na vifundo vya mikono hupigwa. Faulo ikitokea kwenye ya nne, piga faulo, hesabu imekwisha. Mwenye mpira akijizungusha huku mguu mmoja umebaki palepale, endelea kuhesabu, maana kujizungusha hakumwokoi. Atoe pasi, arushe kikapuni, au aanze kudunda. Au mkabaji mwenyewe alegee na kurudi nyuma, na hapo hesabu inakufa.

Makocha wanaofuatilia video za Marekani watakubishia. Kwa miaka mingi shule za sekondari za kule zimekuwa zikihesabu hata anayedunda, mkabaji akiwa ndani ya futi 6, tena kwenye nusu ya kushambulia tu. NBA, ligi ya kulipwa ya kulekule, haina kanuni hii ya mita moja. Usianze darasa katikati ya mechi. Mwambie kocha mnacheza kwa kitabu kipi, mpira uendelee.

Hesabu nyingi huishia tatu au nne bila kipenga. Mechi moja kijana mkabaji alinifuata wakati wa mapumziko: "Refa, mbona ile hukutupa? Nilimbana mpaka mwisho!" Nikamwambia, "Kwenye nne ulirudi nyuma ukaangalia saa." Akacheka, akaenda kunywa maji. Robo ya tatu alimganda yuleyule pembeni ya uwanja, hakuangalia saa wala benchi. Nikafika tano, nikapuliza.