Kitabu cha statiki: la zamani linatosha

Umeuliza kama ununue toleo jipya la kitabu cha statiki (somo la nguvu kwenye vitu vilivyotulia) au la mtumba, na kwa nini mifano unaielewa lakini maswali yanakushinda.

Chukua la mtumba. Sheria za Newton ni zilezile; kinachobadilika sana ni namba za maswali, basi piga picha ya yale mliyopewa kwenye kitabu cha mwenzako. Angalia tu kina majibu nyuma na kinatumia niutoni na mita, si pauni na futi.

Hilo la pili ndilo kubwa. Funika jibu la mfano kwa karatasi. Chora boriti peke yake, ondoa vishikizo vinavyoibeba, na mahali pa kila kimoja weka nguvu zake. Pini (kishikizo kinachozuia boriti isisogee upande wala juu na chini) huleta nguvu mbili, ya mlalo na ya wima; rola (kinachoiacha iteleze upande) huleta moja. Hapo ndipo wengi huteleza. Mfano: boriti ya mita 4 (uzito wake tuuache), pini A kushoto, rola B kulia, mzigo wa niutoni 600 mita 1 kutoka A. Piga momenti (nguvu mara umbali) kwenye A: 600 × 1 = B × 4. B inabeba niutoni 150, A zinazobaki, 450. Ukipata kinyume, umbali umeupima kutoka B.

Jibu likitoka hasi usilifute, mshale tu uliuelekeza kinyume. Ukikwama nusu saa, mpelekee mwalimu mchoro wako, si swali tupu.