Usibandike chochote kwenye ukuta unaotoa chumvi

Dada, hizo stika kama hujazifungua zirudishe dukani leo. Umesema una shilingi 25,000 za kupendezesha sebule ya futi kumi kwa kumi hapo Nyamasaria, Kisumu, ukauliza rangi gani ifae, mapazia ya bei nafuu yapatikane wapi, na kama stika zenye sura ya matofali zitaficha "madoa kidogo" ya chini. Hayo madoa ndiyo yatakayokula pesa yako yote. Ukuta unaobambuka kuanzia sakafuni hadi usawa wa goti, na ukiupitisha kidole kinatoka na unga mweupe, unakunywa maji kutoka ardhini.

Ule unga ni chumvi. Maji yanapopanda ndani ya tofali na plasta huiyeyusha chumvi iliyomo, na yakifika usoni mwa ukuta hukauka, chumvi ikabaki. Ndiyo inayosukuma rangi ikafanya malengelenge, kisha ikabanduka pamoja na plasta. Sasa ukifunika na stika, maji yanakosa pa kutokea. Gundi inaachia, ukungu mweusi unaota nyuma yake, na unyevu unazidi kupanda ukitafuta mahali pa kukaukia. Doa la goti linakuwa la kiuno. Rangi ya mafuta hufanya vivyo hivyo.

Fundi atakwambia, "Tupige fila, juu yake mkono mmoja wa rangi ya mafuta, itakaa." Mimi niliambiwa hivyo hivyo, na ukuta mmoja nikaulipia mara tatu. Bado inaniuma, kwa sababu mtu aliyeshika brashi miaka yote hiyo anaijua chumvi akiiona. Ananyamaza, maana mvua za Machi zikianza utampigia simu tena. Fila ya jasi, ule unga wa kuziba na kulainisha ukuta kabla ya rangi, ikilowa hulainika ikawa kama uji. Kuipaka kwenye ukuta wa namna hiyo na kuchukua pesa ya mtu ni wizi, nalisema bila kumung'unya.

Pima kwanza. Sugua mahali palipo na doa kwa brashi kavu, ubandike kipande cha nailoni angavu cha sentimita 45 kwa 45, ukizibe kwa utepe wa gundi pande zote nne pasiingie hewa. Kiache siku mbili. Matone yakiwa upande wa ukutani, maji yanatoka ndani ya ukuta. Yakiwa upande wa chumbani, huo ni mvuke wa jikoni na pumzi za watu, na dawa yake ni kufungua madirisha. Kama upande wa pili wa ukuta kuna bafu, funga mifereji yote usiku na usome mita ya maji. Mita ikiwa imesonga kufika asubuhi, una bomba linalovuja.

Kisha toka nje. Udongo wenu wa huko ni ule mweusi, mvua ikinyesha unashika maji siku nyingi. Tafuta ile nailoni nyeusi inayolazwa juu ya msingi kuzuia maji yasipande. Ardhi ya nje inatakiwa iwe chini yake kwa sentimita 15. Tatizo ni kwamba watu wakichoka na matope wanamwaga murram kuinua kiwanja, nailoni inafukiwa, na ukuta unaanza kunyonya maji kwa juu yake. Bustani ya maua iliyoegemezwa ukutani hufanya hivyo hivyo. Chimba uishushe ardhi, kisha mwaga zege la upana wa sentimita 60 kuzunguka nyumba, lililoinamia nje. Maji ya mabati yapelekwe mbali kwa gata. Pesa yako ya kwanza iende hapa, hata kama sebule itabaki mbaya miezi mitatu.

Ndani, bandua plasta iliyooza hadi sentimita 30 juu ya alama ya mwisho ya unyevu. Chumvi isugue kwa brashi ya waya ikiwa kavu, uizoe uitupe nje. Usiioshe! Maji yataiyeyusha irudi ndani. Acha matofali wazi yapigwe na hewa. Januari na Februari ndiyo miezi mizuri ya kazi hii. Plasta mpya iwe simiti moja kwa mchanga nne, mchanga safi wa mto, unene wa milimita 12 hadi 15, na isiguse sakafu. Bakisha mwanya wa sentimita mbili, utauziba kwa ubao. Imwagilie siku saba, halafu isubiri wiki nne kabla ya rangi. Ile dawa ya unga ya kuzuia maji inayochanganywa na simiti haikusaidii ukiipaka ndani peke yake, maana maji yatapanda nyuma yake na kutokea juu yake.

Rangi nunua ya maji isiyong'aa, ukuta upumue. Silki, ile inayong'aa, iache kwa sasa. Chumba chako kina kama mita 28 za mraba za ukuta ukitoa mlango na dirisha. Lita moja hupaka karibu mita 10, kwa hiyo mikono miwili ni lita sita: mkebe wa lita 4 na miwili ya lita moja. Usikubali kuuziwa ndoo ya lita 20. Krimu itakufaa, chumba kitaonekana kikubwa.

Na kama nailoni ya msingi haikuwekwa kabisa, usipige hata rangi hiyo. Paka chokaa, kwa sababu inapitisha unyevu na ni rahisi kurudia kila mwaka.

Bandika ile nailoni angavu usiku huu. Keshokutwa rudi hapa utuandikie matone yako upande gani.