Mwenye nyumba hataki paka: je, nimfiche au nimtupe?

SWALI: Assalamu alaykum, sheikh. Nimepanga chumba na sebule Magomeni, Dar es Salaam, na nimelipa kodi ya miezi sita. Mkataba haukutaja wanyama. Nina paka niliyemlea tangu mdogo, na sasa mwenye nyumba ameniambia nimwondoe au nihame, kwa sababu wapangaji wenzangu wanalalamika kuwa paka ni najisi na anachafua ua. Nimezunguka kutafuta nyumba nyingine, lakini kila nikimtaja paka nakataliwa. Dalali ananishauri ninyamaze, nikishalipa kodi nimwingize usiku. Ndugu zangu wanasema nimtie kwenye gunia nikamwache sokoni. Nifanye lipi?

JIBU: Wa alaykum salaam warahmatullahi wabarakatuh. Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, na rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad, jamaa zake na masahaba zake.

Dada yangu, paka mwenyewe si najisi. Sahaba Abu Qatada (r.a.) alimiminiwa maji ya udhu na mke wa mwanawe, Kabsha binti Kaab, paka akaja kutaka kunywa, naye akamwinamishia chombo mpaka akanywa. Alipomwona Kabsha anashangaa, alimweleza kuwa Mtume (s.a.w.) amesema paka si najisi, bali ni miongoni mwa wanaotuzunguka majumbani mwetu. Wameipokea Abu Daud, Tirmidhi na wengineo. Hata hivyo, kinyesi na mkojo wake ni najisi, na hapo wenzako wana haki ya kulalamika, kwa kuwa katika ua huo huo wanafua, wanaanika nguo za kuswalia na watoto wao wanatambaa. Ni wajibu wako kumwekea beseni la mchanga ndani kwako, kuzoa uchafu kila asubuhi na kusafisha alipochafua nje, bila kusubiri kuambiwa, kwani Mtume (s.a.w.) amesema hakuna kudhuru wala kulipizana madhara.

Ama kuhusu mkataba, kukodisha nyumba ni katika mikataba ambayo upande mmoja hauwezi kuivunja peke yake kabla ya muda kwisha. Ambalo halikutajwa hurejeshwa kwenye desturi ya watu, na katika miji yetu ya pwani paka ndani ya nyumba ni jambo la kawaida, na wengi humfuga kwa ajili ya panya. Kwa hiyo, sharti lililozuka baada ya kodi kupokewa halikulazimu, ingawa mwenye nyumba ana haki ya kukutaka uondoe madhara. Akishikilia uondoke kabla ya miezi sita kwisha, nawe ukaridhia ili kuepusha ugomvi, basi ni lazima akurudishie kodi ya miezi iliyobaki. Kuizuia ni kula mali ya mtu kwa batili. Muda ukiisha, nyumba ni yake, na anaweza kuweka sharti alitakalo katika mkataba mpya.

Ushauri wa dalali usiufuate. Ukijua kwamba mwenye nyumba hataki wanyama, kisha ukamwingiza paka usiku, hiyo ni hadaa, na Mtume (s.a.w.) amesema: "Mwenye kutughushi si katika sisi." Naye Mwenyezi Mungu anasema mwanzoni mwa Suratul Maida: "Enyi mlioamini! Timizeni ahadi." Hata pale ambapo hukuulizwa, nakuhimiza useme, tena uandike kwenye mkataba kwamba paka akirarua wavu wa dirisha au akikwaruza milango utagharamia. Hilo linakulazimu kwa vyovyote ukizembea, na Imamu Nawawi ametaja katika Minhaj, kitabu chake cha fikihi, kwamba paka aliyezoeleka kuharibu ndege au chakula cha watu, mwenye paka hulipa, iwe usiku au mchana.

Lililonihuzunisha zaidi katika swali lako ni gunia. Katika hadithi iliyopokewa na Bukhari na Muslim, mwanamke aliingia motoni kwa sababu ya paka aliyemfungia, hakumlisha wala hakumwacha ajitafutie wadudu wa ardhini. Hadithi hiyo inahusu kufungia kwa njaa, kwa hiyo sisemi kwamba kila aliyemwachia paka anaingia katika onyo lile. Lakini paka aliyekua akila mkononi mwako hajui kuwinda wala kukwepa magari na mbwa, na kumtupa mahali usipotarajia ataishi ni kumwangamiza. Mafakihi, yaani wanazuoni wa sheria ya Kiislamu, wamesema mwenye mnyama hulazimishwa amlishe, au ammilikishe mwingine, au amwache pale tu atakapoweza kujipatia riziki. Ukikosa nyumba kabisa, mtafutie jamaa au jirani mwenye nafasi atakayemlisha, na umpe gharama za siku za mwanzo ukiweza. Hapo hutakuwa na dhambi, inshallah.

Ungeuliza kuhusu mbwa, hukumu ingekuwa nyingine, kwani kumfuga bila haja kama ya kuwinda, mifugo, shamba au ulinzi kumekatazwa.

Nanyi wenye nyumba mtakaosoma jibu hili, kuweka sharti ni haki yenu, lakini liwekeni kabla ya kupokea kodi, na mpeni mpangaji muda wa kumpatia mnyama mahali pazuri.

Wewe, dada yangu, anza leo na beseni la mchanga, kisha mwendee mwenye nyumba pamoja na mtu mzima anayeheshimika mtaani, umwombe akuache umalize miezi uliyolipia.

Na Mwenyezi Mungu ndiye Mjuzi zaidi.